Kigoda cha Nne

Ndugu msomaji, naomba nianze na jambo dogo lililonipata mwaka huu, kisha nikupeleke mbali kidogo, Butiama na hata London, halafu turudi hapa hapa Robanda. Usichoke njiani.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya katikati, yaani si ya kulia wala ya kupigiwa vigelegele. Tangu hapo namsaidia mama kuuza chai na maandazi kando ya barabara iendayo geti la Ikoma, na usiku naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku. Hatua kama thelathini kutoka kwenye meza yetu kuna mti, na chini ya mti huo kuna bao. Chai ya pale napeleka mimi. Sasa ukipeleka chai kwenye bao kwa miaka minne, na Mungu akiwa amekupa macho, bao utalijua upende usipende. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza nimesimama, chupa ya chai mkononi.

Mwaka huu watu wa kijiwe wakaamua kuunda timu. Wazo lililetwa na mpishi mmoja wa kambi ya watalii ambaye aliwahi kufanya kazi Nairobi. Alisimulia kwamba kule Kenya kuna watu wazima na akili zao, makarani, walimu, wahasibu, ambao mwisho wa wiki hukutana kucheza ligi ya sataranji. Si mtu mmoja mmoja, ni timu kwa timu. Aliye mkali kuliko wote anakaa ubao wa kwanza, anayemfuata ubao wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kila mtu anapambana na wa nafasi yake upande wa pili, kisha pointi zinajumlishwa. Hapo hata yule dhaifu wa mwisho anaweza kuiokoa timu au kuizamisha. Mpishi akauliza, kwa nini sisi tusifanye hivyo kwa bao? Watu wakaona ni dili. Kijiji cha jirani kikapelekewa salamu, siku ikapangwa, vigoda vinne vikatafutwa.

Wachezaji wa uhakika wakapatikana watatu. Wa nne alikuwa amepata kibarua porini, hatarudi mpaka mwezi uishe. Jioni moja wakawa wanataja majina, kila jina linatolewa kasoro. Yule ana haraka, yule anakunywa, yule anaiba kete. Mimi nilikuwa namimina chai. Sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Mimi naweza kukaa kigoda cha nne."

Kwanza walicheka, na sikuona ubaya, hata mimi ningecheka. Lakini walipoona sicheki, kukawa kimya. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana, na ambaye chai yake huwa ninamtilia sukari kabla hajasema, akaniuliza taratibu, "Binti yangu, tangu lini?"

Alikuwa na maana ya tangu lini mwanamke akakaa kwenye bao la watu wazima. Sikuwa na jibu. Niliokota vikombe nikaenda zangu. Ila lile swali halikuniacha, kwa sababu ukiliangalia vizuri ni swali la historia. Nikaanza kutafuta, kwa vitabu vya kuazima, kwa simu, na kwa kuwauliza watu wenye umri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza bao lenyewe. Nchini Kenya, karibu na Nakuru, kuna kilima kinaitwa Hyrax Hill. Mama mmoja mtafiti, Mary Leakey, alichimba pale mwaka 1937 na 1938. Pamoja na makaburi na misingi ya nyumba za watu wa kale, kilima kile kina mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba kwa safu, mashimo ya bao. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilisimama hapo hapo. Bao la mbao utalibeba, utalificha uvunguni, utalifungia chumbani. Bao la jiwe halibebeki. Aliyelichonga pale alijua kwamba wanaokuja kucheza watakuja pale, mbele za watu, na atakayepita na ng'ombe wake au na kuni zake kichwani atatazama. Basi bao tangu zamani lilikuwa na watazamaji. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Pili, jina. Watu wa pwani wanasema bao. Huku bara kuna jina lingine linalotembea. Wanyarwanda wanasema igisoro. Wasukuma wanasema isolo. Wazanaki wa Butiama, majirani zetu, wanasema soro. Unaona lile neno lilivyozunguka ziwa? Neno halitembei lenyewe, linabebwa na watu, wachunga ng'ombe, wafanyabiashara wa chumvi, maharusi wanaohamia ukoo mwingine. Na maharusi wanaohama, ndugu msomaji, huwa ni wanawake. Lakini hapo nisijivute sana, nitaonekana natafuta ushahidi kwa tochi mchana.

Kwa msomaji wa mjini ambaye amekulia kwenye karata na drafti, nieleze kidogo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, safu mbili zako na mbili za mwenzako. Kete zote ni 64, na kwa desturi ni zile mbegu za mkomwe, ngumu, laini kwa mkono, zenye mlio mzuri zikigongana. Kila mtu anaanza na 32. Kumi anazipanga, sita kwenye shimo linaloitwa nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 anabaki nazo. Sehemu ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizomo baoni peke yake. Ukila kete za mwenzako unazianzia kichwani kwako, unazimwaga moja moja, na ya mwisho ikidondokea penye kete na mbele yake kuna za adui unakula tena, unamwaga tena. Mtu anaweza kuanza kwa kete moja akazunguka mpaka chai ikapoa. Anayemalizwa kete zote za safu ya mbele amefungwa. Akimalizwa wakati bado ana kete za kunamua, amefungwa mkononi, na hiyo ni aibu ambayo watu watakukumbusha hadi kwenye harusi ya mdogo wako.

Lipo pia bao la kujifunza, ambalo kila shimo linaanza na kete mbili, hakuna kunamua. Hilo ndilo watoto wetu wanachimba chini kwenye vumbi na kuchezea vijiwe. Wasichana kwa wavulana. Hapo hakuna anayeuliza tangu lini.

Ugumu wake si wa kubahatisha. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikaa Zanzibar akichunguza mafundi wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kule Leiden kuhusu mipaka ya akili ya fundi wa bao. Alitaka kujua fundi anawezaje kuona mwisho wa mwendo unaozunguka hivyo pasipo kuhesabu kwa kidole. Mpaka akawajaribu kucheza bila kulitazama bao, kwa kutajiana mashimo kwa mdomo. Sisi hapa kijiweni tukisikia hivyo tunatikisa kichwa, maana wengine hata kwa macho mawili tunapotea.

Sasa jambo nililolipenda ni hili: fundi hakai chumbani akasoma kitabu cha bao akatoka fundi. Mchezaji wa sataranji anaweza kujifunza peke yake, ana vitabu, ana michezo ya mabingwa iliyoandikwa hatua kwa hatua tangu karne zilizopita, na siku hizi ana kompyuta. Mtu wa bao ana baraza. Anasimama nyuma ya wanaocheza, anatazama, anatukanwa akitoa ushauri, anatazama tena. Kwa hiyo ukimzuia mtu kusimama barazani umemzuia bao lenyewe. Na baraza za pwani, kila aliyefika Zanzibar au Kariakoo atakwambia, kwa kawaida ni za wanaume. Mwanamke anapita.

Huku kwetu baraza lilikujaje? Hapa nitatoa maoni yangu, na mwenye hoja anipinge. Zamani watu wa Ikoma, Nata na Ishenyi walikaa kwa miji iliyotawanyika, mji huu hapa, mwingine ng'ambo ya korongo. Kijana aliingia utu uzima pamoja na rika lake, saiga, na rika ndilo lililomwambia nani ni mwenzake, amtii nani, alinde nini. Halafu mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji hapa Mara. Watu wakatolewa kwenye miji yao wakapangwa kwa safu, nyumba kwa nyumba, na wazee ambao walikuwa wakionana sherehe kwa sherehe wakajikuta wanaonana kila asubuhi. Mashamba yako mbali, pori limefungwa kwa sheria za hifadhi, saiga imebaki kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa kazi. Mtu mzima akae wapi jioni aonekane mtu mzima? Mimi naamini vijiwe vya namna ya kwetu, pale wanapokutana watu wa koo mbalimbali kila siku chini ya mti mmoja, vilipata nguvu kutokana na ile 1974. Bao ni la kale, lakini kijiwe hiki kina umri wa baba yangu.

Nikiona hivyo nikapata moyo kidogo. Kumbe tunapoambiwa "tangu zamani" mara nyingine maana yake ni "tangu nilipokuwa kijana."

Twende Butiama. Ukitoka Nata ukielekea Makutano unapita Ikizu, na ukiendelea unafika karibu na Butiama. Njia hiyo ina hadithi ambayo Mara nzima wanaisimulia na wanaoandika maisha ya Mwalimu Nyerere wameipokea. Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki alikuwa na wake 22. Wa tano, Mugaya, alimzaa Kambarage mwaka 1922. Huyu mtoto alichunga mbuzi kama watoto wengine, na alicheza soro. Chifu wa Ikizu, Mohamed Makongoro, alikuwa rafiki wa baba yake na alikuwa akifika Butiama. Inasimuliwa kwamba katika kutembelea huko aliona jinsi yule mtoto alivyokuwa mwerevu kwenye soro, akamwambia Burito kwamba kijana huyu apelekwe shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage akaenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka nyumbani.

Sisemi kwamba nchi ilijengwa na kete. Wakoloni nao walikuwa wakitaka watoto wa machifu wasome, kwa hiyo huenda angekwenda hata bila soro. Lakini hadithi hupendwa kwa sababu yake. Inatuonyesha mtu mzima mwenye uwezo akimtazama mtoto wa mke wa tano akicheza, na kumwona. Kabla ya hapo alikuwa kichwa kimoja miongoni mwa watoto wengi wa Burito. Baada ya hapo amekuwa mtu ambaye jina lake linatajwa katika mazungumzo ya wakubwa. Hiyo ndiyo kazi ya kukaa kwenye bao mbele za watu. Wanakuona unavyofikiri. Kwenye shamba wanaona mikono yako, kwenye sherehe wanaona nguo zako, lakini pale kijiweni wanaona mawazo yako yakitembea shimo kwa shimo, na hawawezi kujifanya hawakuona.

Halafu fikiria, katika nyumba ile ya wake 22, mabinti walikuwa wangapi! Makongoro alipokuwa amekaa anatazama soro, wao walikuwa wapi? Nadhani walikuwa kwenye jiwe la kusagia, na mwingine labda alikuwa ndiye aliyempelekea mgeni maziwa. Simlaumu Makongoro hata kidogo. Alimwona aliyekuwepo mbele yake. Hoja yangu ni kwamba mtu huonwa pale alipoketi, na kama hujaketi, macho ya mgeni yatakupita, hata yakiwa macho mema.

Mwalimu mwenyewe hakuliacha bao. Alipotoka Ikulu mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, na picha zake akicheza bao na watu wa kijijini zimechapwa mara nyingi. Alipofariki mwaka 1999 wapo waliomlilia kama Baba wa Taifa, na nadhani wapo wazee wachache Butiama waliomlilia kama mtu wa upande wa pili wa bao.

Yule mpishi wetu nilipomweleza haya akaniambia, "Hayo ni ya bao. Na sataranji je? Wazungu si ndio wanasema kila mtu ni sawa?" Aliniuliza kwa kunichokoza tu, lakini nikafuatilia. Ee bwana! Nilidhani nitakuta mambo yamenyooka.

Chama cha dunia cha sataranji, FIDE, kilianzishwa Paris mwaka 1924. Miaka mitatu baadaye, 1927, kukafanyika London mashindano rasmi ya kwanza ya timu za mataifa, wanayoyaita Olimpiadi ya sataranji. Nchi 16 zilishiriki, Hungaria ikashinda. Timu zenyewe zilikuwa za watu wanne wanne mezani, ule utaratibu ambao mpishi wetu aliuona Nairobi na ambao sasa umefika chini ya mti wa Robanda. Mahali pale pale, siku zile zile, wanawake nao walikuwa na mashindano yao ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Tofauti ni kwamba wao hawakucheza kwa timu. Kila mwanamke alicheza kwa ajili yake mwenyewe. Olimpiadi ya timu za wanawake ilikuja kufanyika mwaka 1957, Emmen, Uholanzi, na hata hapo kila nchi iliweka wachezaji wawili tu mezani. Miaka 30 nzima! Kumkubali mwanamke acheze peke yake pembeni kulikuwa rahisi. Kumpa kigoda kwenye timu, mahali ambapo wengine watamtegemea na kushindwa kwake kutakuwa kushindwa kwao, hilo lilichukua muda.

Aliyeshinda ule ubingwa wa 1927 anaitwa Vera Menchik. Alipata pointi kumi na nusu katika michezo 11. Huyu dada nampenda bure. Alizaliwa Moscow mwaka 1906, baba Mcheki, mama Mwingereza. Baada ya mapinduzi ya Urusi familia ikatikisika, na mwaka 1921 akajikuta Hastings, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, Kiingereza hajui vizuri. Mwaka 1923 akajiunga na klabu ya sataranji ya mji ule. Sataranji ni mchezo wa kimya, na mtu asiyejua lugha anaweza kukaa pale saa tatu bila kuonekana mjinga. Mimi nilicheka niliposoma hivyo, maana bao letu ni kelele mwanzo hadi mwisho, lakini mwenye chai hatakiwi kusema kitu. Kwa hiyo mimi na Vera tulisoma shule moja.

Mwaka 1929 alialikwa kwenye mashindano makubwa kule Karlsbad, wachezaji 22, wanaume wote isipokuwa yeye. Mmoja wao, Albert Becker wa Vienna, aliona ni kichekesho. Akasema kwa kejeli kwamba yeyote atakayefungwa na Menchik ataingizwa kwenye klabu mpya, Klabu ya Vera Menchik. Unajua tena mdomo unavyoponza kichwa. Mwanachama wa kwanza wa klabu hiyo akawa Becker mwenyewe.

Hapa wengi wanaoisimulia hadithi hii hukata, watu wapige makofi. Mimi nitaisema yote, kwa sababu mwandishi anayeficha nusu siku moja atakamatwa. Katika mashindano yale Vera alikuwa wa mwisho. Alifunga wawili, akatoka sare mara mbili, akafungwa michezo 17. Wa 22 kati ya 22. Na bado, miaka iliyofuata, klabu ile ya dhihaka ikaendelea kupata wanachama, akiwemo Max Euwe wa Uholanzi, ambaye mwaka 1935 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Angeambiwa baada ya Karlsbad kwamba mahali pake si pale, na kwa hesabu ya pointi wangeonekana wana haki, Euwe asingefungwa na mtu. Vera alibaki bingwa wa dunia wa wanawake mpaka alipokufa London mwaka 1944, bomu la Wajerumani lilipoangukia nyumba yao, yeye, mama yake na mdogo wake.

Na kwa jirani zetu Waganda, habari ya Phiona Mutesi wa Katwe mnaifahamu, maana ilitengenezewa filamu mwaka 2016. Watu huisimulia kama habari ya msichana mmoja maskini mwenye kipaji. Sawa. Lakini mwaka 2010, alipokwenda Khanty-Mansiysk, Urusi, hakwenda peke yake, alikwenda kama mchezaji wa timu ya wanawake ya Uganda. Wenzake walikaa kwenye meza za jirani, wakapata baridi ile ile. Na kabla ya hapo alikuwepo mwalimu, Robert Katende, aliyewafungulia watoto mlango wa mahali pa kuchezea na akawapa uji. Mlango kwanza, kipaji baadaye.

Basi nilirudi kijiweni na chai yangu. Sikuhutubia, nisingethubutu. Nilimsubiri yule mzee amalize kikombe nikamwambia, "Shikamoo mzee. Uliniuliza tangu lini. Nimetafuta. Kila mahali nilipotafuta, kuna siku ya kwanza." Akanitazama. Akasema, "Marahaba. Kaa hapo tukuone." Akapanga kete mwenyewe.

Alinifunga. Tukarudia, akanifunga tena, lakini safari hii alichelewa kumaliza chai. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yangu na hakuna aliyecheka, isipokuwa mmoja ambaye hucheka wakati wote. Mzee akasema, "Huyu anaona mbali, tatizo ana woga na nyumba yake." Maana yake nilikuwa naikumbatia nyumba, sitaki kete zake zisafiri. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Siku ya mchezo nilikaa kigoda cha nne. Mpinzani wangu alikuwa baba wa makamo, mpole, alinisalimia vizuri kisha akaangalia huku na huku kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kila jozi tulicheza michezo miwili. Wa kwanza alinifunga mkononi, na kete saba bado ninazo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasikia mtu wa upande wetu anasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Nilisema mimi." Mama alikuwa mezani kwake, anajifanya anakanda unga.

Mchezo wa pili nikakumbuka ule woga na nyumba, nikaona kumbe naye anao. Alikuwa ameijaza nyumba yake, kama kete kumi na kitu, anaizungukazunguka kama mtu anayelinda ghala la mahindi wakati wa tembo. Sikuharakisha. Nilinamua upande mwingine, nikamlazimisha aondoe kete za kuilinda, moja, mbili. Halafu nikaila. Nilipoanza kuzimwaga mkono ulikuwa unatetemeka mpaka kete moja ikaanguka chini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniokotea. Baada ya hapo ulikuwa mwendo wa dakika chache tu. Safu yake ya mbele ikakauka.

Timu yetu ilipoteza, pointi tatu kwa tano. Wa kwanza wetu alishinda yote mawili, wa pili na wa tatu walifungwa yote, na mimi nikaleta moja. Hesabu hiyo ilirudiwa kijiweni wiki nzima, tena na watu ambao hawakucheza. Yule wa "nilisema mimi" sasa anasema alijua tangu mwanzo.

Mchezo wa marudiano ni kule kwao, baada ya wiki mbili. Mpishi anaandika majina na mchango wa nauli kwenye daftari la timu. Jana amekuja mezani kwetu, ameandika jina langu namba nne, kisha akamuuliza mama kama chupa kubwa ya chai itapatikana kwa ajili ya safari. Mama akanitazama mimi. Nikamwambia mpishi itapatikana, nitaibeba mwenyewe, ila siku hiyo kila kikombe watalipa kabla sijakaa.